Utepe wa Shubiri Moja

Jiamusi, 9 Oktoba 1994

Shangazi Guifen,

Shikamoo. Sote tungali hai, ila mama kifua kimeanza kumbana kama kila mwaka theluji inapokaribia, na baba analalamikia mgongo. Kabichi za majira ya baridi tumeshazitia chumvi. Jiwe la kuzikandamiza pipani nimelibeba peke yangu, baba akinisimamia utadhani najenga daraja. Hakuuliza habari zako, na mimi sikumwambia kwamba nimepata kifurushi chako.

Kimefika, kaseti ishirini na tatu ndani ya suruali yako kuukuu. Nilikifungulia kwenye chumba cha matangazo cha kiwanda chetu cha mabeseni, vipaza sauti vikiwa vimezimwa. Shangazi, kila kaseti ina jeraha. Msumeno umepita kwenye kona, umekata plastiki na utepe wa ndani. Nikadhani zimeharibikia njiani. Daolin, fundi umeme wetu, akanicheka. Akasema ndivyo zinavyokuja zote: wenyewe huko Ulaya na Marekani wameshindwa kuziuza, zinakatwa zisiuzike tena, kisha zinaletwa kwetu kama plastiki chakavu ziyeyushwe ziwe ndoo. "Dada, tunasikiliza ndoo hapa," akasema.

Basi nimegeuka daktari. Nafungua kaseti kwa bisibisi, naunga utepe kwa gundi ya karatasi, nakata mabaki kwa wembe, halafu nauhamishia kwenye gamba la kaseti nzima ya opera za bibi. Kuna moja iliyofika bila jalada kamili, imebaki nusu ya picha ya mwanamume mwenye ndevu, kwa hiyo tunamwita Mwenye Ndevu. Wimbo wake wa tatu umenishika. Sijui hata neno moja analosema, lakini naamka nao. Pale msumeno ulipopita utepe ulikuwa umesagika kabisa, hauungiki. Nikachukua utepe mtupu, nikaupima kwa mkono wangu shubiri moja, nikauziba. Sasa Mwenye Ndevu anaimba, ananyamaza ghafla, kisha anarudi kama mtu aliyekwenda kufungua mlango.

Jumapili mchana tunakusanyika katika bweni la kiwanda watu kumi na mmoja kusikiliza. Suzhen wa kitengo cha asidi, yule mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, hakuvumilia ule ukimya. Akaanza kuuhesabu kwa mguu. Tisa. Anapiga mguu sakafuni mara tisa na Mwenye Ndevu anarudi palepale. Siku hizi tunapiga sote, na wa chumba cha chini wameshakuja kugomba mara mbili.

Tuma nyingine. Na utakuja lini? Mwaka wa saba sasa.

Mpwa wako,
Qiaoyun


Chaoyang, 2 Novemba 1994

Qiaoyun mwanangu,

Marahaba. Huku kusini bado joto, nalala na chandarua na asubuhi nakunywa uji wa mchele na figili ya chumvi kama wenyeji, ingawa lugha yao mpaka leo nusu inanipita. Mwambie mama yako achemshe mapea kwa sukari ya mawe kwa ajili ya kifua. Asiseme ni mimi niliyesema.

Habari ya kurudi tuiache. Mlango ule sikuufunga mimi.

Nakutumia kaseti kumi na saba. Kwenye uwanja wa plastiki chakavu ninakofanya kazi zinamwagwa chini kama makaa ya mawe. Wachuuzi wa Guangzhou wanakuja na magunia yao, lakini sisi wanawake wa uwanjani tunafika saa moja kabla yao. Sichagui kwa jina kwa sababu herufi zile sizijui. Nachagua kwa uso: mtu akionekana kwenye picha kama amegombana na wazazi wake, namtia kwenye suruali.

Uliwahi kuniuliza kwenye barua za zamani kazi yangu ni nini hasa. Kazi ni kazi. Plastiki inakuja, plastiki inaondoka.

Sina cha kuchezea kaseti. Niandikie huo wimbo unavyokwenda. Nilikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya kiwanda hichohicho kabla hujazaliwa, kwa hiyo usinieleze kama mtoto.

Shangazi yako


Jiamusi, 27 Novemba 1994

Shangazi,

Shikamoo yenye baridi ya nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Mama amekunywa mapea, anapumua vizuri. Nikamwambia ni ushauri wa redio.

Unataka kujua unavyokwenda. Unaanza chini, kama mtu anayeongea peke yake akifunga viatu. Gitaa moja tu. Halafu anapandisha, na sauti inakwaruza, na unajua kwamba amekatazwa jambo na atalifanya. Basi. Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimeyaandika maneno yake kwa herufi zetu, kwa mlio tu. Ukiyasoma kwa macho hayana maana yoyote, ukiyaimba Daolin anapata gitaa lake mara moja.

Daolin amerudufu kaseti hiyo mara thelathini hivi. Tanuruni wanayo, kitengo cha asidi wanayo, madereva wa malori wameipeleka mpaka Hegang. Na wote wanapiga mguu mara tisa, Shangazi. Hakuna aliyewaambia ule ukimya ni kiraka changu. Wanaamini wimbo ulizaliwa hivyo. Jana nimemsikia dereva mmoja akimfundisha mwenzake kwa ukali: "We unakimbilia wapi? Ni tisa, hesabu tisa, usimwingilie mzee akipumzika." Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Lakini kwenye kifurushi chako cha pili kaseti sita hazikutibika kabisa. Msumeno umezipasua mpaka katikati. Nilikaa nazo mapajani nikalia, kweli nililia. Nani anaweza kukaa kutwa akikata sauti za watu? Yeyote yule, mkono wake huo uoze. Uoze na asipate wa kumshikia kikombe.

Tuma nyingine.

Qiaoyun


Chaoyang, 29 Januari 1995

Qiaoyun,

Kesho ni mkesha wa mwaka mpya. Nawatakia afya wewe na mama yako, na baba yako pia. Machungwa madogo ni mengi sana huku, mtu anayala mpaka mikono inageuka rangi. Mvua kidogo.

Safari hii sina kaseti. Nimekutumia soksi.

Shangazi


Jiamusi, 14 Februari 1995

Shangazi,

Shikamoo na heri ya mwaka. Soksi nimezivaa, asante. Mama alitengeneza maandazi ya kuchemsha yenye nyama ya nguruwe na kabichi chachu, bakuli lako likawekwa mezani kama kila mwaka, na baba kama kila mwaka akalitazama, akaendelea kula.

Umekaa miezi miwili kimya, halafu ukaniandikia machungwa. Nimekukosea nini? Kama umechoka kutafuta kaseti sema tu, sitanuna. Vizuri, nitanuna kidogo.

Nina jambo. Mei Mosi kuna tamasha katika ukumbi wa wafanyakazi. Mimi, Daolin na Suzhen tumejiandikisha kuimba wimbo wa tatu wa Mwenye Ndevu. Katibu Luo, mkuu wa ukumbi na wa chumba cha matangazo, akaniita. Anataka maneno ya wimbo kwenye karatasi, kwa Kichina, ayapige muhuri. Daolin akasema, "Andika lolote, andika anasifu mavuno." Sikuweza. Nikaandika: Sijui anasema nini, ila najua anavyosema. Katibu alisoma, akavua miwani, akasoma tena. "Binti," akasema, "ukiuimba huu, maikrofoni ya kiwanda utaisikia kwa mbali, ukiwa kitengo cha asidi."

Kazi yangu unaijua ninavyoipenda. Asubuhi nawaamsha watu elfu mbili kwa sauti yangu. Kitengo cha asidi wanaosha mabati ya mabeseni kabla hayajapakwa rangi, na wengi hapo wanakohoa kabla ya miaka arobaini. Baba ameshaniambia mara kumi: imba wimbo wa kawaida, shuka, nenda nyumbani.

Na juu ya hayo, sikukuu hii alikuja binamu yake Daolin kutoka Harbin, mwenye meza ya kaseti karibu na chuo kikuu. Akatusikia tukifanya mazoezi. Tulipofika kwenye kupiga miguu alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyie mnaimba msumeno," akasema. "Mimi nimesikia kaseti nzima, hapo hakuna ukimya wowote. Mkiupeleka huo jukwaani, mtu yeyote anayejua muziki atawaonea huruma." Suzhen alitaka kumpiga na beseni. Mimi nilinyamaza kwa sababu kiraka ni changu.

Niambie la kufanya, Shangazi. Kwa nini huniandikii vizuri?

Qiaoyun


Chaoyang, 11 Machi 1995

Qiaoyun mwanangu,

Natumai mama yako anapumua na wewe unakula. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua hii nimeianza mara nne. Sasa naandika bila kupamba. Mkono ulioutakia uoze ni huu unaoandika.

Kaseti nyingi zinafika zimeshakatwa huko zilikotoka, lakini si zote. Makontena mengine yanafika na nzima, na nzima haziruhusiwi kuingia kama taka. Basi mkaguzi kabla hajaja, zinapita kwenye meza yangu. Nina msumeno wa mviringo wa umeme. Nazipanga kumi kumi kwenye fremu, nashusha mkono. Kutwa nzima. Wenye mikono inayotetemeka hawafai, mimi mikono yangu imetulia, ndiyo maana Bwana Zhuang mwenye uwanja alinipa. Miaka mitatu sasa. Mwenye Ndevu nilimkata mimi, namkumbuka kwa zile ndevu, nilimtoa kwenye fremu nikamtia kwenye suruali. Zile sita zilizopasuka katikati siku hiyo nilikuwa na homa.

Nilikuwa sijui kama nakata kitu. Kwangu ilikuwa plastiki. Mpaka uliponiandikia mtu anayefunga viatu.

Tangu barua yako ya Novemba nimekuwa nikizisukuma fremu nje kidogo. Msumeno unakata kona ya gamba tu na utepe unabaki mzima. Mkaguzi akitazama anaona jeraha, anaridhika. Hilo Bwana Zhuang hajaliona bado.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kaseti moja tu. Ni Mwenye Ndevu, mzima, hata ufa hana. Nimemtoa uwanjani ndani ya kopo la uji. Sasa utajua ule msumeno ulikula nini, na yule wa Harbin hatakuwa na la kukucheka. Uimbe sawasawa kama ulivyo, au usiuimbe. Siwezi kukuambia la kufanya. Sina sura hiyo kwako leo.

Guifen


Jiamusi, 6 Aprili 1995

Shangazi,

Shikamoo, ingawa nimekasirika. Mto umeanza kupasuka barafu, tunasikia mlio wake mpaka kiwandani. Mama mzima. Baba mgongo.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikataka kuichana. Hukunikasirisha kwa kukata. Ungekuwa na njia nyingine ungeishika. Umenikasirisha kwa ile "kazi ni kazi", na kwa machungwa, na kwa kuniacha nikulaani halafu ukanitumia soksi. Ile laana naifuta, nimeifuta mbele ya Suzhen ili iwe na shahidi. Ila usinidanganye tena. Nyumbani kwetu nina watu wa kutosha wa kunificha mambo.

Sasa, kaseti nzima. Jumapili tulifunga dirisha, tukakaa kumi na mmoja. Wimbo wa tatu ukaanza. Tukafika pale. Unajua kuna nini? Anarudia kiitikio. Maneno yaleyale, gitaa lilelile, mara moja zaidi, basi. Suzhen ndiye aliyefungua mdomo: "Hii ndiyo tuliyokuwa tukikosa? Kwetu ilikuwa bora."

Daolin akasema tuwe watu wazima, tuimbe kama ulivyo, tusichekwe. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mikono kumi ilitaka ukimya na miguu tisa. Mmoja, Daolin, alitaka kiitikio. Kisha akasema atapiga gitaa vyovyote tutakavyo, maana hataki kuishi katika kiwanda ambacho Suzhen amemkasirikia.

Wenyewe waliutengeneza wimbo, wakashindwa kuuza, wakautupa. Msumeno ukaupita, nikautia kiraka kwa shubiri yangu, na watu wa tanuru na wa malori wakaujaza kwa miguu yao. Yule wa Harbin ana wimbo wa Mwenye Ndevu. Sisi tuna wetu. Nitauimba hivyo, Mei Mosi, bila muhuri wa Katibu Luo, na nimeshanunua mabuti ya mpira ya namba yangu endapo nitayahitaji Jumatatu itakayofuata.

Nimeogopa, nisikudanganye. Lakini nikishuka jukwaani kwa kuogopa, kila asubuhi nitawaamsha watu elfu mbili kwa sauti ambayo mimi mwenyewe siiheshimu.

Qiaoyun


Chaoyang, 19 Aprili 1995

Wewe binti,

Marahaba. Kichwa kigumu kama hicho umekitoa kwetu, si kwa mama yako.

Nimewasomea barua yako wanawake wawili wa mezani kwangu. Mmoja akauliza, "Huyo mpwa wako ana mchumba?" Nikamwambia hana nafasi, ana mabuti.

Sitakukataza. Nakuomba moja tu: ukifika pale, pumua kabla ya kurudi. Sauti inayorudi baada ya kunyamaza hupanda juu kuliko ilivyotakiwa. Anza chini kidogo ya unavyodhani. Hilo najua.

Bwana Zhuang ameona zile fremu. Amenihamishia kwenye kusaga, vumbi tupu, kwa mwezi mmoja ili nijifunze. Usiwe na wasiwasi, nimejifunza.

Shangazi


Jiamusi, 3 Mei 1995

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu, ndiyo, wewe kwa jina lako, na anajua habari ya mapea tangu zamani. Sasa kaa chini nikueleze.

Tulikuwa wa tisa, baada ya wapiga ngoma wa tanuru. Katibu Luo alikaa pembeni ya jukwaa karibu na swichi. Nilipotaja jina la wimbo, nikasema ni wa Mwenye Ndevu na wa kitengo cha asidi, nikaona shingo zikinyooka. Nikaanza, kama mtu anayefunga viatu. Tukafika pale. Daolin akaziba nyuzi kwa kiganja.

Moja, mbili, tatu, nne: ni sisi watatu tu. Ukumbi umenyamaza, watu mia nane, na miguu yetu inasikika kama ya mtu aliyepotea kwenye ghala. Shangazi, nilitamani ardhi inimeze. Ya tano ikatoka nyuma kabisa. Mabuti ya mpira. Kitengo cha asidi walikuwa wamekuja na mabuti yao, mstari mzima. Ya sita wakaingia tanuru. Ya saba sikuisikia kwa masikio, niliisikia magotini. Ya tisa vumbi likadondoka kutoka kwenye taa. Nikapumua, nikaanza chini kidogo ya nilivyodhani, na sauti ikakaa pake.

Wakataka turudie. Katibu Luo akazima umeme wa jukwaa. Basi tukaurudia hivyohivyo, gizani kidogo, gitaa halisikiki hata safu ya tatu, na safari hii hakuna aliyesubiri ya tano.

Baba alikuwa safu ya nne, kofia mapajani. Hakupiga mguu. Hakuondoka pia, na wenzake wawili wa cheo chake kiwandani waliondoka. Njiani kurudi nyumbani alisema, "Umefurahi sasa?" Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimefurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu na sikutaka kumpunguzia hata kidogo.

Barua ya Katibu ilikuwa mlangoni asubuhi yake. Jumatatu naanza asidi. Nililia nilipokabidhi ufunguo wa chumba cha matangazo, niliuweka mezani kwake nikiwa nalia na sikujifuta. Akaniambia, "Andika barua ya kujutia, nitaona." Nikamwambia sina ninachojutia, karatasi itaharibika bure.

Mabuti yananitosha. Suzhen ananifundisha kufunga kitambaa puani.

Qiaoyun


Chaoyang, 15 Mei 1995

Qiaoyun mwanangu,

Salamu kwa mama yako, mwambie hajanishangaza, siku zote alikuwa na akili kuliko aliyemuoa. Vaa kitambaa mara mbili na ukifue kila siku, kohozi likibadilika rangi uniambie.

Barua yako niliisoma uwanjani kwa sauti, juu ya gunia. Wenzangu hawajui Kichina cha kaskazini vizuri, lakini kwenye tisa walinielewa.

Juzi limeingia kontena la nzima tupu. Bwana Zhuang akanirudishia msumeno. "Umeshatulia, dada mkubwa?" akasema. "Zipasue mpaka katikati, mkaguzi yuko njiani." Nikazima mashine, nikauchomoa ule msumeno kwenye mhimili wake, nikaupeleka ofisini nikauweka mezani kando ya chai yake. "Kata mwenyewe," nikamwambia. Akacheka. Kisha akanitazama vizuri akaacha kucheka. Akasema mwanamke wa umri wangu hapati kazi nyingine. Nikamwambia hilo nimeshawahi kuambiwa na mwanamume mwingine, na nilipata.

Narudi Jiamusi. Nafika tarehe kumi na mbili Juni.

Sasa nikuambie ambalo nyumbani kwenu hawakukuambia, kwa kuwa umechoka kufichwa. Mume wangu, Jin, alikuwa ananipiga. Si mara moja wala si kwa ulevi. Nilikimbilia kwa kaka yangu, baba yako, nikamwonyesha mgongo. Jin alikuwa rafiki yake na msimamizi wake. Baba yako akaniambia nivumilie, na nilipotoka kwa Jin akasema nisikanyage kwake mpaka siku nitakayokuwa tayari kumwomba Jin radhi. Ndio huo mlango.

Sitamwomba Jin radhi. Sitamwomba baba yako pia. Nakuja hivyohivyo nilivyo, na kama hakuna pa kulala nitalala bwenini kwenu na hao kumi na mmoja. Nilikaa miaka saba nikingoja kuitwa. Wewe hukungoja hata muhuri.

Guifen


Jiamusi, 26 Mei 1995

Shangazi,

Shikamoo. Njoo. Hilo kwanza, mengine baadaye.

Kohozi ni jeupe. Mikono inawasha lakini nimezoea. Aliyepewa maikrofoni ni msichana mzuri tu, anasoma kwa woga, jana alikuja kuniuliza namna ya kupumua. Nikamfundisha. Kosa si lake.

Nililia kwa ajili yako, kisha nikakasirika, kisha nikafanya jambo ambalo huenda utanigombeza. Jioni wakati wa chakula nilimsomea baba barua yako yote, kuanzia mwanzo, pamoja na msumeno, pamoja na mgongo. Mama aliweka vijiti vyake chini. Baba hakuinua macho. Nilipomaliza nikamuuliza: alikuonyesha au hakukuonyesha? "Alinionyesha," akasema. Akavaa kofia akaenda zamu, chakula hakukimaliza.

Nimemwambia mama utalala kitandani kwangu na mimi nitalala chini. Ameshaanika godoro. Baba alimkuta akilipiga vumbi, akapita.

Tangu hapo ameniuliza mara tatu unakuja na treni gani. Mara tatu nimekataa kumuulizia. Ya tatu alipandisha sauti, akasema yeye ni kaka yako. Nikamwambia, "Baba, hilo mkumbushe yeye, usinikumbushe mimi. Bahasha yake iko mezani, anwani iko nyuma. Muulize mwenyewe, na ukiandika, anza na la mgongo." Sikuwahi kusema naye hivyo tangu nizaliwe.

Hiyo ilikuwa juzi. Leo asubuhi bahasha haipo mezani.

Qiaoyun